Bibi Hana Aliomba Chumba

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote za ujana, mwanangu, ni ile ambayo mzee mmoja wa Kigogo, asiye na meno ya mbele, aliniambia nizime jenereta langu mbele ya kijiji kizima. Nikalizima. Mimi, ambaye wakati huo hata mama yangu mzazi alishachoka kunikataza jambo.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa kujisifu, mke wangu ananiambia kila siku, nami namjibu kwamba aliyepanda mlima kwa magoti ana haki ya kuyaonyesha magoti yake. Leo ukifika Area D, Dodoma mjini, ukamwambia dereva wa bajaji akupeleke kwa mzee wa alizeti, hatakuuliza mtaa. Mashine za kukamua mafuta ninazo Chemba, ninazo Kondoa, na watu wa Busi wananiita niwapelekee yao. Shule niliachia darasa la tano, mwaka ambao ng'ombe wa baba walikufa kwa ukame wote pamoja na yule fahali wa mahari. Nimelala njaa mimi. Nimewahi kuota nakula ugali, nikaamka natafuna shuka. Kwa hiyo vijana wakija kuniomba siri ya mafanikio ninawapa, na sipunguzi chumvi. Ila hili ninalokuandikia leo sikufundishwa na biashara.

Ujanani kabla ya alizeti nilikuwa na jenereta, spika mbili ndefu kama milango, na kipaza sauti. Nilizunguka navyo barabara yote ya Kondoa, harusi kwa harusi, ubarikio kwa ubarikio. Umeme vijijini ulikuwa hadithi tu. Mimi nikifika, kijiji cha pili wanajua kwamba hapa kuna shughuli. Waliniita Radi, na jina hilo nililipenda kuliko nililopewa kwenye ubatizo.

Sasa, katika kijiji kimoja cha Wagogo kulikuwa na misheni yenye shule ya wasichana, na kwenye shule hiyo alifundisha mama mmoja wa Kizungu, mzee, mwembamba, mwenye nywele nyeupe alizozikata fupi kama za mwanafunzi. Aliitwa Hana. Wanafunzi walimwita Bibi Hana, na kijiji kikafuata. Alitoka nchi ya Wacheki, na hakuwa mtawa wala Mkristo. Alikuwa Myahudi. Jambo hilo liliwashangaza watu, maana wengi wetu tulidhani Wayahudi ni watu wa kwenye Biblia tu, waliokwisha zamani pamoja na Wafilisti. Siku za ibada alikaa benchi la nyuma, ametulia, na masista walimpenda hivyo hivyo. Aliwafundisha wasichana kupiga fidla. Alikuwa nazo nne zilizoletwa kwa meli: mbili ndogo za kuweka begani, moja iliyozidi kidogo, na moja kubwa ya kukaa nayo katikati ya magoti, ambayo huitwa selo.

Bibi Hana alikuwa anapoteza masikio. Sikio moja lilishakufa, na la pili, daktari alimwambia, lilikuwa linafunga kama mlango unaosukumwa polepole na upepo. Ndugu zake wakamwita arudi akazeekee kwao. Safari ikapangwa. Na kabla ya kuondoka akaomba jambo moja tu: wale wasichana wake wanne wampigie muziki aliotunga baba yake, ausikie mara moja kabla sikio halijafunga. Alikuwa hajausikia tangu alipokuwa mtoto, na wasichana waliufanyia mazoezi mbali naye.

Katekista ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kumuaga. Akanitafuta hadi gulioni, akanivuta pembeni, uso wake una wasiwasi.

"Radi, kuna jambo. Bibi Hana anataka muziki wa chumbani."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Nikamuuliza, mama wa umri ule, chumbani kuna nini tena? Naye akakiri kwamba hata kamati ilishtuka, mpaka mama mmoja akatoka nje. Kumbe ndivyo unavyoitwa kwao: muziki wa ala chache, unaopigwa ndani ya chumba kwa ajili ya watu wachache walioketi karibu. Mwalimu ameomba chumba kidogo, watu kumi hivi, na mlango ufungwe.

Mwanangu, wewe ni mtu wa huku, utaelewa kilichofuata. Hivi mgeni aliyewafundishia watoto wenu miaka yote hiyo, mnamuaga chumbani? Mlango umefungwa kama watu wanaogawana nyama ya wizi? Kamati iliona hiyo ni aibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni akiondoka, mwenyeji aonekane ameagana naye. Wakakata shauri: shughuli iwe kanisani, kijiji kizima kije, wachinjwe mbuzi, na Radi aletwe na spika zake ili hata waliokaa nje wasikie. Katika hayo yote hakuna aliyefanya kwa ubaya. Mimi nilikubali haraka, nikawaambia mama mwenye masikio mabovu dawa yake ni sauti kubwa, na sauti kubwa ni mimi. Walipomweleza Bibi Hana, alizitazama fidla zake, kisha akasema asanteni. Sisi huku mtu akisema asante tunajua amefurahi.

Siku ikafika. Nilifika mapema, nikalitega jenereta nyuma ya ukuta wa kanisa, nikapanga spika. Kwenye ngazi alikuwepo yule mzee, Mzee Ndahani, mfuga mbuzi, ambaye nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na kanisa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye yule Msandawe wa makelele?"

"Ndiye mimi, babu."

"Nilidhani nyinyi ulimi wenu unagonga vya kutosha bila mashine."

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana lugha yetu Wasandawe ina sauti za kugongesha ulimi. Sisi na Wagogo tunataniana hivyo, haumii mtu.

Kanisa likajaa mpaka madirishani. Bibi Hana akakaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, wasichana wanne wakakaa mkabala naye. Aliyeshika selo aliitwa Neema, msichana mrefu, mikono imetulia. Kabla ya kupiga, Bibi Hana akapewa kipaza sauti aeleze. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha vitabuni, na siku ile alikisema taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Alisema alipokuwa na umri wa watoto wa darasa la sita, Wanazi wa Ujerumani waliwakusanya Wayahudi wa mji wao, wakawafungia katika mji mmoja wenye kuta za ngome. Watu walilala juu ya watu. Chakula kilikuwa maji yaliyopitiwa na kiazi. Wafungwa wale hawakuiba wala hawakuua, walikamatwa kwa kuwa wamezaliwa Wayahudi, basi. Na kati yao walikuwepo wapiga ala na watunzi. Baada ya kazi za kutwa walipanda kwenye dari za majengo, wakapiga. Waliokosa ala walitumia mbovu, waliokosa karatasi waliandika nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika. Baba yake alikuwa mpiga selo, akatunga muziki wa watu wanne, kwa sababu wapigaji aliokuwa nao karibu walikuwa wanne. Treni ilikuwa inakuja na kuondoka na watu kwenda mashariki, ambako waliuawa, na kila ilipoondoka, kundi fulani la muziki lilibaki na pengo. Muziki wa baba yake ulipigwa mara moja tu katika chumba kidogo, watu wamesimama wameegemea kuta, naye mtoto amekaa sakafuni karibu na selo. Baada ya hapo treni ikamchukua baba, ikamchukua mama. Yeye akabaki na shangazi mpaka vita vilipokwisha. Rafiki wa baba alizificha zile karatasi, akampa alipokuwa mkubwa.

Hakulia alipoyasema hayo. Alirudisha kipaza sauti, akakaa, akakunja mikono.

Wasichana wakaanza. Mwanangu, jenereta langu lilikuwa zuri, lakini jenereta ni jenereta. Linanguruma. Na upepo wa Dodoma siku ile ulikuwa unalipiga bati la kanisa kama mtu anayekung'uta mkeka. Watoto wanalia, nje mbuzi wa pilau wanakaangwa, watu wanaitana. Niliweka kipaza sauti mbele ya fidla, zikatoka kwenye spika kama nyuki ndani ya debe. Nikaona wasichana wanatazamana, pinde zao zinakazana. Nikaona Bibi Hana ameweka kiganja nyuma ya sikio, ameinama mbele, ameinama tena. Wakafika mahali fulani wakanyamaza kidogo, kumbe ndivyo ulivyotungwa, lakini akina mama wakadhani umekwisha, wakapiga vigelegele. Neema akashusha upinde.

Bibi Hana akamuinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti changu kilikuwa pale pale, na spika zikalitangaza swali lake mpaka barabarani:

"Mmeshaanza?"

Kanisa likapoa. Hakuwa amesikia kitu. Mama amesubiri maisha yake yote, kesho gari linamchukua, na sikio linafunga.

Mtu mwenye akili pale angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa mtu wa shughuli, na mtu wa shughuli akiona kimya hukiona kama shimo, lazima akifukie. Nikatangaza kwamba naongeza sauti, mambo yatakuwa mazuri. Huku nageuza vifundo, nikaanza kuwachangamsha watu. Nikasema, mmemsikia mwalimu? Watu wale hawakuwa na mtaji, hawakuwa na chakula, lakini walijituma! Kijana usiseme huna kitu. Hata mimi nililala njaa, nikauza karanga peku, na leo mnaniona. Shida ni ngazi, ndugu zangu. Shida ni ngazi!

Baadhi wakapiga makofi. Katekista akapiga. Nikajisikia mtu.

Ndipo Mzee Ndahani alipoinuka kwenye benchi la upande wa wazee, akaja mpaka nilipo, polepole, fimbo yake inagonga sakafu. Nilidhani anakuja kunipa mkono. Nikamsogezea kipaza sauti, akakisukuma pembeni kama mtu anayemfukuza nzi.

"Kijana," akasema, "hiyo ngazi, baba yake aliipanda akafika wapi?"

Nikashusha kipaza sauti.

Akaendelea, hakupandisha sauti, na waliokuwa mbali walilazimika kuacha kuongea ili wamsikie. Akasema mama yake alimsimulia njaa ya Mtunya, ile kubwa iliyowaangukia Wagogo baada ya Wajerumani na Waingereza kupiga vita vyao kwenye nchi hii na kuchukua ng'ombe na nafaka. Yeye alikuwa mtoto wa mgongoni. Kaka zake na dada zake walizikwa njiani, wengine hawakuzikwa. "Aliyepona nikawa mimi," akasema. "Kila mtu akaniambia nina bahati, nimekomaa, njaa imenifundisha. Na wale wengine je, ilikuwa inawafundisha nini? Walikuwa watoto kama mimi. Wewe njaa ilikuachia, ukapita. Shukuru. Lakini usimsimamie mtu ambaye haikumwachia ukamwambia ni ngazi."

Wazee husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nikilitumia kwenye mizaha. Siku ile ndipo nilipolielewa, nimeshika kipaza sauti kama mtoto aliyekamatwa na yai.

Mzee akageuka kwa katekista. Akamuuliza, kwa upole kabisa, swali ambalo kamati nzima haikuliuliza: "Mwalimu aliomba nini?"

Katekista akasema aliomba chumba.

"Sasa kama ni muziki wa chumbani, kwa nini tumeuleta uwanjani?"

Akaniambia nizime lile dude. Nikatoka nje nikalizima. Mwanangu, sikujua kabla ya siku hiyo jinsi nchi yetu ilivyo kimya. Lilipokufa lile jenereta nilisikia mpaka kengele ya ng'ombe ng'ambo ya korongo.

Mzee Ndahani akatuongoza nyumbani kwake, tembe la zamani, unalijua: kuta nene za udongo, paa la udongo la bapa, mlango mfupi wa kuinamia. Mkewe alikimbia mbele akafukuza vifaranga, akafagia, akasogeza vibuyu na mtungi. Wasichana wakaingia na fidla zao, wakasaidiana kuiinamisha selo kama mgonjwa anayeingizwa ndani. Wakaingia masista wawili, katekista, wazee wachache. Mle ndani upepo haukuwepo. Bati hakuna. Ukuta wa udongo unameza kelele za nje zote, unakuachia za ndani tu.

Mimi nilibaki mlangoni, nikaona si mahali pangu. Mzee akanishika mkono wa shati.

"Ingia. Chumba hakimkatai mtu anayenyamaza."

Nikaingia, nikaegemea ukuta.

Bibi Hana hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alikaa chini, kwenye ngozi ya mbuzi, karibu na Neema, miguu ameikunja upande kama wanawake wa huku. Akaomba kwa ishara, Neema akaitikia kwa kichwa, naye akaweka kiganja kwenye mbao ya selo, kisha akalaza shavu juu yake, upande wa lile sikio lililobaki. Wakaanza upya.

Nitakuelezaje muziki, mimi ambaye sijui hata noti moja? Nilitegemea kilio. Kumbe mwanzo wake ulikuwa na mchezo ndani, kama watu wanaocheka wameziba midomo ili mlinzi asiwasikie. Fidla ndogo mbili zikafukuzana. Ile ya kati ikazigombeza. Kisha mwendo ukawa mzito, na tatu zikashika sauti moja nyembamba zikabaki hapo hapo, huku selo inatembea peke yake chini, hatua kwa hatua, kama mtu anayerudi nyumbani ambako hajui kama kuna mtu. Nilimkumbuka baba yangu amesimama katikati ya zizi tupu. Sikutaka kumkumbuka, alikuja mwenyewe. Nikatazama chini. Jirani yangu katekista naye alikuwa anatazama chini.

Wakafika pale pa kunyamaza. Wote wanne wakainua pinde. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kimya kile kilijaa tembe lote, nikaona shavu la Bibi Hana bado limelala juu ya mbao, macho amefumba, na midomo yake inacheka kidogo.

Wakamaliza. Hakuna aliyepiga makofi, na haikuwa kwa kukosa adabu. Neema akauliza kama amesikia.

"Nimesikia," akasema Bibi Hana. Akainua shavu kutoka kwenye mbao. "Pale mnaponyamaza, baba alikohoa. Nilikuwa nimesahau. Alikuwa na kifua, akakohoa, na watu wote wakamcheka, naye akacheka, ndipo wakaendelea."

Kisha akalia, na mke wa Mzee Ndahani akaja akakaa naye pale chini kwenye ngozi, akamshika. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia jambo lolote.

Asubuhi gari la misheni lilimchukua. Sikumwona tena. Mzee Ndahani naye tulimzika miaka mingi iliyopita, nami nilikwenda kwenye msiba wake bila spika, nikakaa mkekani kama watu wengine.

Mwanangu, sitakudanganya kwamba tangu siku ile niliacha kujisifu. Umesoma mwenyewe. Nilichokiacha ni kuyafanya maumivu ya mtu mwingine kuwa kionjo cha hadithi yangu. Na hilo ndilo ninalokuomba. Siku hizi nyinyi mna simu, na kila simu ni kipaza sauti. Mtu anafiwa, kabla kaburi halijakauka mmeshamwandikia somo la maisha. Mtu anasimulia vita vilivyomla ndugu zake, mnamjibu kwa ukame wenu. Mtu akikupa huzuni yake, usimrudishie chenji. Pokea, shika, kaa nayo.

Wale watu wa kwenye ngome hawakutunga ili siku moja mfanyabiashara wa alizeti apate cha kuwahamasishia vijana. Walitunga kwa sababu walikuwa watunzi, na walipiga kwa sababu jirani yao alikuwa hai jioni ile na kesho hakuna aliyejua. Wangeachwa waishi, wangetunga vingine vingi kwenye nyumba zao, wameshiba, wanagombana na wake zao juu ya kuni. Hicho ndicho kilichoibwa. Anayesema shida iliwapa muziki anamsifu mwizi kwa kile alichosahau kukibeba.

Na ukitaka kumtendea mtu wema, muulize anataka nini, kisha mpe hicho hicho, hata kama ni kidogo kuliko fahari yako. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi mbele ya kijiji kizima, ndiyo maana naweza kukuonyesha jiwe lilipo.

Mungu aliyewahesabu wale waliokosa makaburi akuhesabu na wewe miongoni mwa watoto wake. Jasho lako lisikauke bure. Ukiwa na furaha upate wa kucheka nawe, na ukiwa na kilio apatikane mtu wa kuketi nawe chini asikuulize kitu. Na ukifikia umri wangu, awepo duniani mtu mmoja anayekumbuka hata kikohozi chako. Amina, mwanangu.